Chama cha wachimbaji kuingia makubaliano na serikali kuhusu usalama wa maduara: mliopitia mnasemaje?

KatibuDuara ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama cha wachimbaji wadogo kwenye machimbo ya dhahabu huku mkoani Geita. Jina la machimbo naliacha kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea.

Watu wa serikali, upande wa madini na upande wa usalama mahali pa kazi, wamekaa na uongozi wetu wakapendekeza tuandikishiane makubaliano. Wao watawafundisha wasimamizi wa usalama tutakaowachagua, watatupa miongozo, na watakuwa wanatembelea maduara, yaani mashimo tunayochimbia, kutoa ushauri. Chama kitatunza kumbukumbu za ajali na kuwabana wanachama wafuate. Rasimu ni kurasa chache tu, nimeisoma mpaka naijua kwa kichwa.

Mimi naitaka. Mkaguzi akija hapa anakuta matimba, zile mbao za kushikilia kuta za shimo, yamepangwa na kila mtu ana kofia. Akishaondoka, duara linaendelea kushuka. Mwamba unaweza kuwa mgumu asubuhi, jioni ukakutana na udongo unaomong'onyoka, na anayeuona ni kijana aliye chini na nyundo na moko, yaani patasi ya kuvunjia mwamba. Hakuna ofisi ya serikali inayoweza kuwa na mtu kwenye kila duara kila siku. Chama kinaweza, kwa sababu sisi tunalala hapa hapa.

Msimu wa mvua uliopita duara moja lilijaa maji. Wakashusha pampu ya petroli chini ili iwe karibu na maji, maana bomba la kuvutia lilikuwa fupi. Kijana aliyeshuka kuiangalia hakujibu alipoitwa. Mwenzake akavuta kamba, akaona haisogei, akashuka kumfuata. Tuliwazika wote wawili. Hakuna jiwe lililowaangukia wala kamba iliyokatika. Ni moshi wa injini tu. Na watu kumi waliokuwa juu ya lile duara, hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuambiwa kwamba moshi ule unaua bila kukohoza.

Sasa shida iko kwa wanachama. Kwenye mkutano mwenye duara mmoja alisimama akasema, "Katibu, unatuletea mtu wa kutuhesabia makosa." Wengi wakampigia makofi, na sababu wanayo. Machimbo ya jirani waliwahi kupata ajali kwenye shimo moja, yakafungwa yote. Waliokuwa wameweka matimba vizuri wakakaa bila kazi sawa na ambao hawakuweka. Tangu hapo mtu akivunjika mguu anapakiwa kwenye bodaboda usiku na hospitalini anasema ameanguka na pikipiki.

Ninachotaka kujua kwa waliopitia: tunaandikaje makubaliano ambayo mtu anayekuja kushauri haonekani kama mtego? Nani awe na mamlaka ya kusema "tokeni humo ndani" bila kusubiri simu ya mwenye leseni? Na matimba, blowa ya hewa, kofia, vinatoka mfukoni kwa nani wakati huku hakuna mshahara, kila mtu anangoja mgao wa mawe?

---

Mkaguzi_Mstaafu amejibu:

Katibu, pole kwa misiba. Nilifanya kazi ya ukaguzi wa migodi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitakueleza upande wa meza niliokuwa nimekaa mimi.

Kwanza usiwaahidi wanachama wako kwamba makubaliano yatafuta faini. Mkaguzi hawezi kusaini karatasi ya kuacha mamlaka aliyopewa na sheria. Huku kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na huku kuna Sheria ya Madini ya 2010 pamoja na kanuni zake za usalama na mazingira za mwaka huo huo, zinazosimamiwa na Tume ya Madini. Zote zinampa mkaguzi uwezo wa kusimamisha kazi akiona hatari, na hakuna hati ya maelewano inayoweza kulala juu ya sheria. Ukiwaambia wanachama vinginevyo, siku duara la kwanza likifungwa chama kimekufa.

Lakini kuna mengi yanayoweza kuandikwa ndani ya sheria. Mambo ambayo hayaui leo, kama kibao cha tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza au daftari la mafunzo, yapewe muda wa kurekebisha na tarehe iandikwe. Yanayoua leo yasipewe muda. Kwangu mimi hayo ni ukuta usio na matimba, injini ndani ya shimo, baruti zikihifadhiwa wanapolala watu, na watu kurudi ndani kabla moshi wa mlipuko haujaisha. Orodha iwe fupi hivyo, na iwe imeandikwa humo humo ndani ya makubaliano. Mwenye duara akijua mapema ni kitu gani kitamfungia, anamwogopa mkaguzi kwa sababu inayoeleweka.

Pili, hilo la kufunga machimbo yote. Mara nyingi linatokea kwa sababu mkaguzi hana namna ya kulitaja shimo moja. Anakuta mashimo hayana namba, hayana jina la msimamizi, watu wamehama kutoka hili kwenda lile, na hajui yapi yameungana chini. Hapo anafunga eneo lote kwa sababu ndilo lenye mpaka anaoujua. Mkitaka afunge duara moja, mpeni maduara yanayotambulika: namba iliyopakwa rangi juu ya mdomo, jina la msimamizi, kina chake, na ramani ya mkono inayoonyesha lipi limetoboka kuingia lipi. Kazi hiyo chama kinaiweza kuliko serikali.

Sheria ya 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Watu wa maduara wanasema haiwahusu kwa sababu hawana waajiriwa, wana "washirika". Msipoteze muda kubishana hilo. Teueni tu, kila duara mtu wake.

---

Fundi_Paa_Ohio amejibu:

Shikamoo mzee mkaguzi. Katibu, poleni sana.

Mimi ni Mtanzania, naezeka mapaa huku Columbus, Ohio. Kazi yetu ni ya kuanguka, na kampuni nyingi ni ndogo, watu watano sita na gari moja. Nimeona niandike kwa sababu swali lako la kutenganisha ushauri na adhabu huku wamelijibu kwa kujenga milango miwili.

OSHA ya Marekani (jina linafanana na la kwetu, lakini ni chombo kingine) ina mpango ulioanza mwaka 2002 wa kuingia makubaliano na vyama vya wafanyabiashara, vyama vya wafanyakazi na vyuo. Wanatengeneza pamoja mafunzo na vipeperushi, wanafikisha kwa wanachama. Mle ndani hakuna ukaguzi. Ila imewekwa wazi kwamba kuwa mwanachama wa chama kilichosaini hakukukingi na ukaguzi wala faini. Ni kama alivyosema mzee.

Mlango wa pili ndio nataka uuangalie. Mwenye biashara ndogo anaweza kuomba mshauri aje bure atazame eneo lake la kazi. Washauri hao wanatoka kwenye ofisi za majimbo au vyuo vikuu, hawatoki kwenye kitengo cha wakaguzi. Hawatoi faini, na walichokiona hawakipeleki kwa wakaguzi. Sharti moja: ukikutwa na hatari kubwa, mnakubaliana tarehe, na lazima uiondoe. Ukikataa, hapo ndipo jina lako linaweza kupelekwa kwa wakaguzi. Bosi wangu aliwaita akiwa na wasiwasi. Walikuta tunafunga kamba za kiunoni kwenye mbao zisizoweza kubeba mtu akianguka. Tulirekebisha, na hakuna aliyelipa chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu: muulizeni mtu wa serikali kama anayekuja kushauri anaweza kuwa tofauti na anayekuja kukagua. Kama ofisi ina watu wachache na haiwezekani, basi wenye kushauri wawe ni wasimamizi wenu wa chama waliofundishwa na serikali, na ripoti zao zikae chamani. Mkaguzi aje na kofia yake ya mkaguzi na kila mtu ajue.

Jingine ninalolipenda huku: tangu 2014 kila mwaka kuna wiki ambayo kampuni zinasimamisha kazi kwa muda mfupi, watu wanakaa chini na kuzungumzia kuanguka tu. Serikali inaitangaza, vyama vinaleta watu. Saa moja. Huko mnaweza kuifanya tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, lakini ifanyieni kwenye mdomo wa duara, msiende kuifanyia uwanjani mjini.

---

Mwana_Apolo amejibu:

Naongea kutoka Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti. Nilichoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, kwa miaka mingi. Siku hizi nikipanda ngazi za zahanati napumzika katikati.

Nimesoma rasimu yako jinsi ulivyoieleza na maelezo ya wakuu waliotangulia, nikaona mnaongelea vifo vinavyoonekana. Mwamba ukianguka watu wanakusanyika. Vumbi halikusanyi watu. Unachoronga pakavu, vumbi jeupe linajaa kama unga, unafunga kitambaa puani, unatoka, unakunywa maziwa kwa sababu wakubwa walikuambia maziwa yanasafisha kifua. Hayasafishi. Vumbi la silika likishaingia kwenye mapafu linabaki, na kovu linaendelea hata ukiacha kazi. Halina dawa ya kuliondoa. Na mwenye mapafu hayo anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Mimi nilipewa dawa za TB zaidi ya mara moja kabla hawajanipiga picha na kusoma vizuri pale Kibong'oto, Siha, ndipo nikaelezwa kwamba kuna vitu viwili kifuani.

Vijana niliochoronga nao wengi hawapo. Kwenye daftari la ajali hakuna hata mmoja wao, kwa sababu walifia nyumbani kwao, Singida, Kondoa, Babati, na huko watu walisema "amekufa kwa kifua".

Kwa hiyo Katibu, nakuomba kama ndugu, andika maji. Andika kwamba hakuna kuchoronga bila maji. Mashine ya kuchoronga inayopitisha maji inalaza vumbi pale pale linapozaliwa, na kama mashine yenu ni ya zamani, hata mtu mmoja kumwagia tundu kwa mpira inasaidia kuliko kitambaa. Halafu andika upimaji wa kifua kwa anayeanza kazi na kwa anayeendelea. Hilo serikali inaliweza, chama hakina mashine ya eksirei. Na aliyekutwa na tatizo apewe kazi ya juu, asifukuzwe. Wakianza kufukuza waliopimwa, hakuna atakayepima. Nimeyaona hayo.

---

KatibuDuara amejibu:

Asanteni sana. Mzee mkaguzi, hoja ya namba za maduara nimeipenda na haikuwemo kwenye rasimu. Kaka wa Ohio, nitauliza hilo la milango miwili. Ndugu yangu wa Mererani, sina neno la kukufariji, ila nakuahidi kipengele cha maji kitasomwa kwenye mkutano kama ulivyokiandika.

Nina swali dogo kuhusu moshi. Kuna mzee hapa anasema tushushe mshumaa kwanza, ukizimika watu wasishuke. Inatosha?

---

Mkaguzi_Mstaafu amejibu:

Haitoshi, na imeshaua watu. Mshumaa unazimika oksijeni ikipungua sana. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, nayo haizimi mshumaa. Moto unaendelea kuwaka vizuri na mtu anakufa. Haina harufu wala rangi.

Dawa yake ni kutoshusha injini ya petroli au dizeli shimoni hata kidogo. Pampu ya umeme ndiyo ishuke, jenereta libaki juu, mbali na mdomo, upande ambao upepo hauleti moshi ndani. Hewa isukumwe kwa blowa na mpira mpaka pale watu walipo. Kifaa cha kupimia gesi kipo, kinavaliwa kifuani na kinalia. Kwa duara moja ni ghali, kwa chama chenye maduara mengi si ghali, kikae ofisini na kiazimwe kila panapotolewa maji.

Na mtu akianguka chini bila sababu inayoonekana, asifuatwe. Najua ninaloliomba ni gumu, huyo ni ndugu wa mtu. Sukumeni hewa kwanza. Kila anayeshuka awe amefungwa kamba iliyoshikwa na watu walio juu, ili avutwe bila mtu mwingine kuingia. Hili lifanyiwe mazoezi kabla, siku ya tukio hakuna anayefikiri.

---

MamaKarasha amejibu:

Habari zenu. Nina karasha, mashine ya kusaga mawe, na ninawajua wanaume wa maduara vizuri, kwa hiyo nijibu swali la fedha ambalo naona mmeliruka.

Mgao unavyokwenda, mwenye leseni anatoa fungu lake, mwenye duara anarudisha gharama zake, kinachobaki wanagawana waliochimba. Gharama ni chakula, mafuta, baruti, moko. Hizo mwenye duara hazisahau kwa sababu bila hizo jiwe halitoki. Matimba anayasahau kwa sababu jiwe linatoka hata bila matimba, mpaka siku halitoki. Kwa hiyo matimba, hewa na maji ya kuchorongea yaingizwe kwenye gharama zinazokatwa juu, kabla mtu yeyote hajachukua kiroba, pamoja na mwenye leseni. Yeye ndiye anayekataa siku zote, anasema fungu lake haliguswi. Leseni ndogo ya uchimbaji imeandikwa jina lake na mkaguzi akija yeye ndiye anayeitwa, basi achangie.

Wapo wanachama watakaosema gharama zimekuwa nyingi. Waambieni wakae na mjane wa mchimbaji. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipa pale mwajiri alipowasajili watu wake na kuwachangia. Sekta binafsi wanachangia asilimia 0.5 ya mshahara. Huku maduarani hakuna mshahara, hakuna aliyesajiliwa, mjane anapewa sanda, gunia la mchele na nauli. Hili pelekeni serikalini mkiwa kwenye meza hiyo hiyo: nani ni mwajiri wa mtu anayelipwa kwa mawe, na atachangiwa vipi. Wakija kuomba chama kiwasaidie usalama, chama nacho kiombe kitu.

Halafu mmetusahau. Rasimu yako yote ni duara, duara, duara. Wanawake wako kwenye karasha na mwaloni, pale dhahabu inapooshwa. Mikanda ya karasha haina kinga, imeshanasa kitenge cha mtu. Vumbi la karasha ni lile lile la ndugu yetu wa Mererani, tena kuna mama anaponda mawe kavu na mtoto mgongoni. Na zebaki ya kukamatia dhahabu inachomwa jikoni, kwenye kikaango ambacho kesho yake kinapikiwa. Vifaa vya kukamatia mvuke wa zebaki vipo na havihitaji umeme. Chagueni wasimamizi wanawake, wapelekwe mafunzoni nao.

---

MwenyeLeseni77 amejibu:

Nitasema kinyume kidogo. Mimi ni mwenye leseni na nimekubali kuchangia matimba. Lakini hilo la kumpa msimamizi wa chama mamlaka ya kutoa watu, hapana. Atakuwa na ugomvi na mwenye duara fulani, atawatoa watu siku mawe mazuri yameonekana. Mnajua huku kunavyokuwa mawe yakionekana.

---

KatibuDuara amejibu:

Mkuu, hofu yako ni ya kweli na umeileta wazi, nashukuru. Lakini siku mawe mazuri yameonekana ndiyo siku watu wanaacha kupanga matimba. Wote tunaijua. Ukimnyang'anya msimamizi mamlaka siku hiyo, siku nyingine zote hana kazi.

Hivi unaonaje: akiwatoa watu, aandike sababu moja kati ya zile nne za mzee mkaguzi, na siyo sababu nyingine. Ndani ya saa chache msimamizi wa duara lingine na mjumbe wa chama washuke wakaangalie. Duara wakati huo lilindwe na watu wa pande zote, mawe yasiguswe. Ikionekana hakukuwa na hatari, kazi inaendelea na yeye anaitwa kujieleza. Akirudia, anaondolewa. Na posho yake ilipwe na chama, isilipwe na mwenye duara anayemsimamia.

Mama, kipengele cha gharama kabla ya mgao na cha karasha na mwalo naviandika leo. Swali lako la fidia nalipeleka kwa maandishi.

Mwenye mfano wa daftari la kushukia anisaidie. Nimekumbuka Nyangalata kule Kahama mwaka 2015, wale watano waliotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao wa sita hakutoka hai. Nataka ikitokea kwetu, aliye juu ajue saa hiyo hiyo ni akina nani wako chini na wako upande gani.

---

Mkaguzi_Mstaafu amejibu:

Daftari lisiwe na mambo mengi, litaachwa baada ya wiki. Namba ya duara na tarehe juu ya ukurasa. Kisha jina, anakokwenda chini (mtaa wa ndani au upande wa mashariki, mnavyoita wenyewe), saa ya kushuka, saa ya kutoka, na simu ya mtu wa nyumbani. Anayeandika ni mtu wa winchi au wa kamba, kwa sababu hakuna anayeshuka bila kupita kwake. Asiyejua kuandika apewe vibati vyenye namba viwili viwili, kimoja kinaning'inizwa juu na kingine anashuka nacho mchimbaji. Zamu ikiisha, kibati kilichobaki kinaning'inia ni mtu aliye chini.

Na daftari lilale ofisini kwa chama, lisilale kwenye duara.